Jitengenezee kifaa cha kutuliza kamera kwa bomba, tii na chupa mbili za mchanga

Wadau, leo tuweke pembeni siasa na bei ya viazi, tuongee ufundi kidogo. Ndani ya mwezi mmoja vijana watatu wameniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Mmoja yuko Mlalo, mmoja Lukozi, na wa tatu anapiga video za harusi hapa hapa Lushoto mjini. Wote wanataka kujua wafanye nini ili video isitikisike wanapotembea na kamera.

Swali linaonekana dogo lakini lina ugali ndani yake. Huyu wa harusi amepoteza kazi mbili kwa mpigo. Familia ya kwanza iliangalia sehemu ile bibi harusi anashuka kwenye kinjia kutoka kwao mlimani, ikaona picha inaruka kama imepigwa juu ya Fuso lililobeba kabichi. Wakagoma kumalizia malipo. Familia ya pili ikasikia, ikaita mpiga picha kutoka Tanga. Na huku kwetu kinjia cha mteremko huwezi kukikwepa, maana nyumba nyingi gari haifiki mlangoni.

Hata kama hufanyi biashara, bado swali linakuhusu. Tuna wazee wanaojua kusoma mlima, wanaojua maji yatapita wapi mvua ikizidi. Tuna akina mama wafinyanzi wanaosimamisha chungu kwa mikono mitupu bila gurudumu. Kila mwaka tunawazika baadhi yao na ujuzi wao. Simu ya kurekodi ipo mfukoni kwa kila kijana, lakini video inayotikisika inachosha macho, na mjukuu hataitazama zaidi ya dakika mbili. Hapo ni sawa na kutorekodi kabisa.

Vifaa vya dukani vipo. Siku hizi kuna vile vya mota ndogo tatu, unaweka simu, unawasha, mota zinasahihisha kila mtikisiko. Ni vizuri sana, sibishi. Ila vinataka hela, vinataka chaji, na mota ikiungua fundi wa kuitengeneza mpaka umtafute mjini mbali. Ninachoeleza leo hakina betri, na fundi bomba yeyote anaweza kukurekebishia. Changu chote, pamoja na nauli ya kwenda dukani, hakikufika shilingi 30,000. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo usinishike shati ukikuta tofauti kidogo.

KWA NINI PICHA INATIKISIKA

Kwanza tuelewe ugonjwa kabla ya dawa. Simu ya kawaida ina uzito wa gramu 200 hivi. Kitu chepesi namna hiyo kinatii kila mtetemo wa mkono: unapumua inatii, moyo unadunda inatii, unakanyaga jiwe inatii. Kamera kubwa za zamani zilikuwa nzito, na uzito huo peke yake ulikuwa unazuia sehemu ya mitikisiko midogo.

Lakini uzito sio kila kitu. Chukua jembe, shika mpini pale linapobalansi, halafu lizungushe haraka kushoto na kulia kwa kifundo cha mkono. Utaona linagoma kuanza, na likishaanza linagoma kusimama. Sasa fanya hivyo hivyo na jiwe lenye uzito sawa na hilo jembe. Jiwe linazunguka kirahisi tu. Kilo ni zile zile, tofauti ni kwamba uzito wa jembe umetawanyika mbali na mkono wako.

Kanuni yenyewe ni hii. Ukiongeza uzito mara mbili, ugumu wa kuzungusha unaongezeka mara mbili. Ukiupeleka uzito ule ule mbali mara mbili kutoka mkononi, ugumu unaongezeka mara nne. Maana yake huhitaji kubeba kilo tano. Unahitaji kilo moja au mbili zilizokaa mbali na mkono. Vifaa vingi vya kutuliza kamera visivyo na mota vimesimama juu ya kanuni hiyo.

Kamera inatikisika kwa namna tatu za kuzunguka: inainama mbele na nyuma, inalala upande, na inageuka kushoto na kulia. Hizo tatu kifaa chetu kitazipunguza. Ipo ya nne, ile ya kupanda na kushuka kila unapopiga hatua. Hiyo bomba haliiwezi, dawa yake ni magoti yako. Tutafika huko.

WALIOTUTANGULIA

Mtu aliyeleta mapinduzi kwenye jambo hili ni Mmarekani anaitwa Garrett Brown, mtu wa Philadelphia. Kabla yake, ukitaka kamera itembee bila kutikisika ulilazimika kutandika reli chini, ukaiweka kamera kwenye kigari na watu wakakisukuma. Ngazi, vichaka na vichochoro vilikuwa ndoto. Miaka ya 1970 Brown akatengeneza kifaa kilichokuja kuitwa Steadicam: kamera inakaa juu ya nguzo, vitu vizito kama betri vinakaa chini yake, nguzo inashikwa pale pale panapobalansi, na mkono wa springi unaning'inizwa kwenye fulana ya mpiga picha ili umeze hatua zake. Mwaka 1976 kilionekana kwenye filamu ya Bound for Glory, na mwaka huo huo kwenye Rocky, pale bondia anapopanda mbio zile ngazi za jumba la makumbusho la Philadelphia. Mwaka 1978 Brown akapewa tuzo ya Oscar kwa ugunduzi huo.

Kifaa chake kilikuwa cha bei ya matajiri. Miaka ya 2000 kijana mwingine wa Marekani, Johnny Lee, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu, akaweka hadharani maelekezo ya kutengeneza cha kwake kwa vipande vya bomba la maji na chuma cha kunyanyulia misuli. Gharama yake ilikuwa dola 14. Dunia nzima ikaiga. Hiki cha bomba nitakachoeleza ni mtoto wa kile, ila nimekibadilisha kifuate vitu vinavyopatikana huku.

Sasa na Usambara tunaingiaje? Tunaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, upande wa Korogwe kwenye milima hii hii, palikuwa na makao ya mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hela ilitoka hasa kwa shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kuendesha mashamba ya katani. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16 kwa sababu ilikuwa rahisi, na sauti waliiweka kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Walitengeneza filamu kama 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati kuwaonyesha wananchi. Hela ya wafadhili ilipoisha, serikali za kikoloni hazikutaka kuendeleza. Nyingi ya filamu hizo zimepotea. Tatu zimesalia kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza.

Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha kitengo chao cha filamu za makoloni, chini ya bwana mmoja William Sellers. Huyu alikuwa na msimamo kwamba mtazamaji wa Kiafrika atachanganyikiwa kamera ikihangaika huku na huku, kwa hiyo filamu za kumwonyesha ziende polepole, kamera itulie sehemu moja, na mbwembwe ziachwe. Yaani babu zetu, watu wanaotembea na mzigo kichwani kwenye mteremko wa Mtae bila kuangalia chini, waliamuliwa kwamba hawawezi kufuata picha inayotembea!

Naisimulia hii sio kwa kulalamika. Kamera sasa iko mkononi mwetu, hakuna wa kutuamulia itembee au isitembee. Basi tuitembeze vizuri.

NJIA YA KWANZA: KAMBA YA KATANI

Hii ni ya bei rahisi kuliko zote, na inafaa ukiwa umesimama. Unahitaji bolti fupi ya robo inchi, washa moja, nati moja na kamba ya katani mita mbili hivi. Usitumie kamba ya nailoni wala mpira, zinavutika. Katani haivutiki sana, na sisi watu wa mkoa wa Tanga hatuwezi kukosa katani.

Angalizo kuhusu bolti. Tundu la chini ya kamera, na la vishikio vingi vya simu, ni la robo inchi lenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Dukani utapewa bolti ya milimita 6, maarufu kama M6, utaambiwa ni ile ile. Sio ile ile. M6 ni nyembamba kidogo na nyuzi zake zimebanana zaidi, ukilazimisha unaua nyuzi za kamera. Nenda na kishikio chako dukani ujaribu hapo hapo kwa vidole: ikiingia laini bila nguvu, ndiyo yenyewe. Tena isiingie ndani zaidi ya milimita 4 au 5, maana tundu ni fupi. Kaza nati kwenye bolti iwe kama kizuizi.

Funga kamba kwenye bolti chini ya kizuizi, washa ikizuia fundo lisichomoke. Funga bolti kwenye kamera. Ncha ya pili ya kamba iache chini, uikanyage, halafu vuta kamera juu mpaka kamba ikaze kama waya wa simu. Basi. Ile nguvu ya kuvuta inaua mitetemo midogo ya mkono. Ukitaka picha isilale upande, tumia kamba mbili, moja kila mguu, zifanye umbo la pembetatu.

Kwa kurekodi mzee anayeongea, au mfinyanzi aliyekaa sehemu moja, kamba hii inakutosha. Inaingia mfukoni, na huwezi kulia ikipotea.

NJIA YA PILI: BOMBA NA TII

Hii ndiyo ya kutembea nayo. Nunua au omba vifuatavyo:

- Vipande vitatu vya bomba la chuma la nusu inchi, kila kimoja sentimita 25, vimekatwa nyuzi ncha zote mbili. Mafundi bomba huwa na vipande vilivyobaki kazini.
- Tii moja ya nusu inchi.
- Vifuniko vitatu vya nusu inchi.
- Bolti ya robo inchi yenye urefu wa sentimita 3 hivi, nati mbili na washa mbili.
- Kishikio cha simu chenye tundu la robo inchi, kama kile kinachokuja na fimbo za kujipigia picha.
- Chupa mbili za soda za plastiki, za mililita 300.
- Mchanga mkavu, na vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli.

Kuunganisha ni rahisi. Kwanza toboa kifuniko kimoja katikati, pitisha bolti kutoka ndani kwenda nje, weka washa, kaza nati ya kwanza. Nati ya pili iweke juu yake uirekebishe ili zibaki milimita 4 au 5 za bolti. Hapo ndipo kishikio cha simu kitakaa. Pili, funga mabomba matatu kwenye tii: moja linakwenda juu, moja chini, la tatu linatoka pembeni. Hili la pembeni ndiyo mpini. Tatu, kifuniko chenye bolti kifunge juu, vingine viwili viweke kwenye ncha zilizobaki. Ukiona mpini unateleza, uvishe kipande cha tyubu.

Sasa uzito. Jaza mchanga kwenye chupa zote mbili, gonga gonga chupa chini ushuke, ongeza mpaka mdomoni. Isibaki nafasi, kwa sababu mchanga ukicheza ndani na picha itacheza. Ndiyo maana sikushauri maji, yatasukwasukwa. Chupa moja ya mililita 300 ikijaa mchanga mkavu ina karibu nusu kilo, kwa hiyo mbili ni kilo moja. Zifunge kwa mpira wa tyubu kwenye bomba la chini, moja kila upande, zitazamane. Ukifunga moja tu upande mmoja, kifaa kitalala upande huo na utapigana nacho mpaka mkono ufe ganzi.

Kifaa kizima na simu yake kinazidi kidogo kilo mbili. Shika mpini kwa mkono mmoja, mkono wa pili uguse bomba karibu na tii kwa vidole tu. Usikikabe! Ukikaza mkono, mitetemo yote inapita kwenye chuma. Kishike kama unavyoshika kifaranga: asidondoke, na asife.

Kuhusu kuchomelea: kwa kifaa hiki hakuna haja, vyote ni vya kufunga kwa nyuzi. Fundi akikwambia achomelee ili kiwe imara, mwambie akwangue kwanza ile rangi ya fedha na afanye kazi nje penye upepo. Hiyo ni zinki, na moshi wake unaleta homa na maumivu ya kifua.

NJIA YA TATU: JOINTI

Hii ni kwa aliyeizoea ya pili na anataka kuikaribia ile ya Brown. Kwenye bomba na tii, mkono wako na kamera bado ni kitu kimoja. Hapa tunavitenganisha, ili mkono ukiinama kamera ibaki pale pale.

Unahitaji ile jointi inayokunja pande zote inayokuja na seti ya boksi spana. Kwa mafundi magari utaipata hata iliyotumika. Chagua iliyolegea, na hapo iliyochakaa ni bora kuliko mpya. Idondoshee mafuta ya cherehani. Chini ya jointi funga mpini wa mbao, juu yake funga kisahani cha chuma au ubao mgumu ambapo simu itakaa. Kutoka kwenye kisahani hicho teremsha chuma bapa chembamba, mafundi wanakiita fletibaa, kilichokunjwa kama mundu. Kipite mbele ya mkono wako bila kuugusa, kiishie chini ya mpini. Kwenye ncha ya chini funga washa nzito kama uzani.

Hesabu yake ni ya mizani ya sokoni: uzito mara umbali. Tuseme vitu vya juu ya jointi, yaani simu, kishikio na kisahani, vina gramu 600, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 5 juu ya jointi. 600 mara 5 ni 3,000. Chini, ukiweka uzani kwenye umbali wa sentimita 20, utahitaji gramu 150 kufikia 3,000 hiyo hiyo. Tunataka chini kuzidi kidogo tu, tuseme gramu 160. Hapa nimekiacha nje chuma bapa, nacho kina uzito wake, kwa hiyo mara nyingi utaanza na uzani mdogo kuliko hesabu inavyosema. Kama simu ni nyepesi sana na chini kunazidi hata bila washa, ongeza chuma kwenye kisahani cha juu.

Jaribio la mwisho ni hili. Shika mpini, kilaze kifaa ubavu mpaka kiwe sambamba na ardhi, halafu kiachie kijisimamishe chenyewe. Hesabu kimoyomoyo. Kikifika wima ndani ya sekunde 2 hivi, kiko sawa. Kikiruka chini ya sekunde 1, chini ni kuzito mno, na ukianza au kusimama kutembea kitabembea kama saa ya ukutani. Punguza washa. Kikigoma kusimama, ongeza. Kama kimesimama lakini kimeinama mbele au nyuma, sogeza simu kwenye kisahani. Milimita moja inaonekana, kwa hiyo usiwe na haraka.

MAGOTI NA NGATA

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanatengeneza kifaa kizuri, halafu wanatembea kama askari wa gwaride.

Siku ya soko Lushoto, simama uangalie akina mama wanaoshuka na matenga ya mboga kichwani. Shingo haitikisiki. Magoti yamekunjwa kidogo, mguu unatangulia kisigino na kuviringika taratibu mpaka vidoleni, kiuno kinameza mashimo ya njia. Na kati ya kichwa na tenga kuna ngata, inayopunguza makali ya kila hatua. Huo ndiyo mfumo mzima wa Steadicam: miguu ni springi, ngata ni jointi, tenga ni uzito uliotulia. Wale mama ndio walimu wako. Weka ndoo ya maji kichwani, tembea uani dakika kumi kila siku kwa wiki moja. Ukiacha kulowa, shika kamera. Watakucheka majirani, waache wacheke.

Kwenye mteremko nenda nusu hatua. Usirudi kinyumenyume bila mtu wa kukushika mkanda nyuma, hasa kwenye miamba ya Irente. Genge lile halijui kwamba unarekodi.

MAMBO YA SIMU YENYEWE

Simu nyingi za sasa zina utulizaji wa ndani. Simu inakata kingo za picha na kuisogeza fremu kinyume cha mtikisiko. Unasaidia, ila una masharti mawili. Kwa kuwa kingo zinakatwa, acha nafasi pembeni, usimbane mtu kwenye fremu. Na unahitaji mwanga. Jikoni kwa bibi, penye moshi na dirisha dogo, kila picha moja inachukua muda mrefu kuingiza mwanga, kwa hiyo mtikisiko unaacha ukungu ambao programu haiwezi kuusafisha. Hapo ndipo chuma na mchanga vinaipita programu. Fungua mlango, msogeze mhusika karibu na mwanga.

Usivute picha kwa vidole ukiwa unatembea. Ukiivuta mara tatu, na mtikisiko unaonekana mara tatu. Tumia lenzi pana, sogea kwa miguu.

Mambo mengine ni ya milima yetu. Upepo wa kwenye genge unasukuma kifaa chenye jointi kama tanga la jahazi, kwa hiyo guse kwa vidole viwili au rudi kwenye bomba na tii. Mwezi wa sita na wa saba, ukitoka kwenye baridi ya nje ukaingia jikoni penye joto, lenzi inapata mvuke. Subiri ijipashe moto, kisha futa kwa kitambaa laini. Ndani ya gari kwenye kona za kati ya Mombo na Soni, usikifunge kifaa kwenye bodi ya gari, utarekodi mtetemo wa injini. Kipakate, mikono yako iwe springi.

Na la adabu: omba ruhusa. Kwa mtu mzima muombe mwenyewe, kwa mtoto muombe mzazi. Ukienda kurekodi ndani ya hifadhi ya Magamba, pita kwanza kwa wenye dhamana ya msitu, hasa kama ni kazi ya kulipwa.

KWA KUMALIZIA

Ukitaka ushauri wangu, anza na kamba wikendi hii, bomba mwezi ujao, jointi ukishazoea. Usianze na harusi ya mtu. Anza na mtu wa nyumbani asiyekudai: mfuate mzee shambani, mtembee naye kutoka tuta la juu mpaka mtoni, akueleze kila mti aliupanda lini na kwa nini. Ukifika chini utakuwa na video ya mazoezi, na utakuwa umeokoa kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chochote.

Yule kijana wa harusi keshapata bomba na tii, anaendelea na mazoezi ya ndoo. Wa Mlalo anasema kwao vipande vya nusu inchi ni shida, vipo vya robo tatu tu. Vinafaa, ila kifaa kitakuwa kizito zaidi, kwa hiyo punguza mchanga. Kama kuna aliyefanikiwa kutumia mwanzi badala ya chuma, atuambie hapo chini alifungaje tii. Wengi wangependa kujua, mimi wa kwanza.